Tohara, Najisi, Jinsia: Harakati za Wanawake na Lugha ya Sera



Wachunguzi wa siasa wanapoeleza jinsi harakati za wanawake zinavyoathiri sera za serikali, hutazama mikutano, kura na sheria. Sisi wa taaluma za Kiswahili tuna la kuongeza: kabla tatizo halijawa sera, sharti lipate jina. Nitachukua mfano wa Tanzania.

Tohara, neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni usafi. Kinyume chake ni najisi. Kwa muda mrefu kumkata msichana viungo vya uzazi kuliitwa tohara, na kumwingilia kwa nguvu kuliitwa kumnajisi. Tazameni mzigo uliomo: kisu kilimsafisha, mhalifu alimchafua. Katika hali zote mbili habari ilikuwa ya mwili wake, wala si ya kosa la aliyemtenda. Ukeketaji na ubakaji ni maneno ya namna nyingine. Kukeketa ni kukata kwa kisu butu. Kubaka ni kutwaa kwa nguvu. Hapa lugha inataja dhuluma, na dhuluma ina mwenyewe wa kushtakiwa.

Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA), kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliandika habari za ukatili zilizokuwa zikihesabiwa kuwa siri za nyumbani, kikashirikiana na vyama vingine kuwashawishi wabunge. Tunda lake ni Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya 1998, iliyokaza adhabu za ubakaji na kuufanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 kuwa jinai.

Neno la tatu ni jinsia. Sera ya 1992 ilihusu wanawake katika maendeleo. Mwaka 1995 ukafanyika Mkutano wa Beijing, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Bi. Gertrude Mongella. Sera ya 2000 ikaitwa ya Maendeleo ya Wanawake na Jinsia. Badiliko hilo si pambo. Msamiati wa kwanza uliuliza mwanamke amepungukiwa na nini; wa pili huuliza nani aliyegawa kazi na madaraka. Ndiyo maana Mtandao wa Jinsia Tanzania (TGNP), ulioundwa 1993, ulianza 1997 kudai bajeti yenye mrengo wa kijinsia: fedha za maji zikipunguzwa, nani atakayebeba ndoo kichwani?

Hata hivyo, jina peke yake halitoshi. Sheria ya 1998 haikumlinda mke anayeishi na mumewe asibakwe naye. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Mahakama Kuu ilitamka 2016 kwamba jambo hilo linakiuka Katiba, Mahakama ya Rufani ikaafiki 2019, na mwaka mmoja uliotolewa wa kurekebisha ukapita bure. Neno jinsia nalo, lililoletwa liulize swali, mara nyingi limegeuka jina la dawati tu.

Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, na sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zikahitaji kufasiriwa. Wanafunzi wangu, atakayechagua kati ya kunajisi na kubaka huenda akawa mmoja wenu. Chagueni mkijua mnachochagua.