Jamu ya Stroberi na Stakabadhi Zake: Hotuba kwa Vyama vya Babati



Stroberi haiivi zaidi ikishachumwa, wala haikai. Ichumwe ikiwa nyekundu yote, na jamu ipikwe siku hiyo hiyo: kilo 1 ya matunda, kilo 1 ya sukari, maji ya limau 1. Ichemke mpaka tone lake ligande juu ya sahani baridi, kisha imiminwe ingali moto katika chupa zilizochemshwa. Stroberi zilizopondeka kidogo wapewe watoto pamoja na mtindi.

Nilipata kukagua kikundi kimoja: chupa ziliuzwa zote, faida haikuonekana. Sukari ilinunuliwa kwa fedha za mfukoni, bila stakabadhi. Aliyeinunua hakurudishiwa, akajitoa. Basi, kabla ya kuwasha moto, andikeni sukari, kuni na chupa.