Uzito Uwekwe Wapi?



Hapa Isiolo watoto hujiundia magari. Mkebe wa mafuta ya kupikia huwa bodi, patipati kuukuu hukatwa kuwa magurudumu, na waya hushika yote pamoja. Mwanangu wa miaka 11 alitaka zaidi: gari lake lijiendeshe. Alitoa mota ndogo katika redio kaseti iliyokufa, akaifunga nyuma, na lastiki ikazungusha ekseli ya nyuma. Mawe mawili makubwa ya tochi, kila moja volti 1.5, akayaweka mbele kabisa, kama injini ya lori.

Akaliweka mchangani. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, lakini gari halikuondoka. Alidhani nguvu imepungua, akaniomba pesa za mawe mapya. Nikampa upesi, maana nilikuwa nikiwahi mkutano wa wazee wa kanisa. Kwa mawe mapya magurudumu yalizunguka kwa kasi zaidi, yakachimba shimo.

Jioni iliyofuata nilimkuta akilia. Akaniambia, "Baba, ulinipa pesa, lakini hukukaa tuangalie." Neno hilo lilinichoma. Nikaketi chini.

Tuliyafunga mawe juu ya paa. Gari likaondoka, likapinduka kwenye kona ya kwanza. Tukayasogeza nyuma ya ekseli ya nyuma. Pua ikainuka, nayo magurudumu ya mbele hayakuweza kuliongoza. Mwishowe tuliyalaza sakafuni, kati ya ekseli mbili, karibu na ile ya nyuma. Sasa uzito ulikandamiza magurudumu yanayosukuma, yakaushika mchanga, gari likaenda! Mota ilikuwa ile ile, na mawe yale yale. Wapakiaji wa malori ya Marsabit na Moyale wanalijua jambo hili: saruji hukaa chini, magodoro juu.

Ndugu msikilizaji, nguvu haikukosekana; uzito ulikuwa mahali pasipo pake. Sisi wazazi hutoa karo, unga na viatu, na ni vyema. Lakini uzito wetu, yaani muda wetu na sikio letu, mara nyingi tumeuweka mbali na nyumba, hata kwa kazi za kanisa. Ndipo nyumba huzunguka pale pale, ikizidi kuzama.

Katika Luka 14 Bwana Yesu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kwanza kuketi na kuhesabu. Kuketi! Naye Mungu hakutuokoa kwa kututumia msaada kutoka mbali. Katika Mwanawe alikuja mwenyewe kuishi kati ya watu.

Leo jioni, kabla ya kuuliza nyumba yako imepungukiwa nini, jiulize wewe umeketi wapi.

Tuombe. Ee Bwana, utufundishe kukaa karibu na wale uliotupa. Amina.