Kuwinda, Kupika na Kuacha Pombe



Kwetu ni Mtumba, upande wa mashariki wa Dodoma, mwendo wa kilomita 17 hivi kwa njia kuu iendayo Morogoro. Zamani mtu akiutaja Mtumba, wengi waliuliza, "Ni wapi huko?" Lakini tangu mwaka 2019, Wizara za Serikali zilipoanza kuhamia huko, jina hilo limejulikana nchi nzima. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na umri wangu wapata miaka arobaini. Leo nataka kuwaeleza mambo matatu, yaani kuwinda, kupika, na kuacha pombe. Labda mtasema kwamba mambo haya hayana udugu. Lakini katika maisha yangu yamefungwa kwa kamba moja, na nikiifungua mtaona.

Kwanza nataka kuitendea haki pombe ya wazee wetu. Ugogoni pombe haikuwa kitu cha aibu. Mtama au uwele hulowekwa, huachwa uote, hukaushwa juani, kisha husagwa ukawa kimea. Uji hupikwa, hupozwa, hutiwa kimea. Siku ya kwanza ni togwa tamu. Ukiachwa siku mbili tatu huchacha, ukawa pombe. Mtu aliyetaka kulimiwa shamba kubwa aliwaalika jirani, wakalima tangu alfajiri, na jioni wakanywa pamoja. Tena pombe ile ilikuwa na mlinzi wake, nalo ni ghala. Nafaka ilipopungua, mama wa nyumba alikataa kuitoa, na pombe ikakoma mpaka mavuno mengine. Wazee wetu waliijua njaa. Walikuwa wakisimuliwa habari za Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hata 1920, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipokuwa yamekwisha chukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na mvua nazo zikakosekana. Mtu aliyesikia habari hizo hakuichezea debe ya mtama.

Lakini siku hizi mlinzi yule hayupo. Pombe haitoki ghalani, hutoka dukani na kilabuni, nayo haina msimu. Wengine hunywa gongo, ambayo sheria imeikataza na ambayo mnywaji hajui imechanganywa na nini. Serikali iliona hatari hii, na tangu tarehe 1 Machi 2017 ikapiga marufuku pombe kali iliyouzwa katika vifuko vidogo vilivyoitwa viroba, maana hata mtoto wa shule aliweza kukificha mfukoni. Mimi nalikuwa mmoja wa watu wasiokuwa na mlinzi. Nalifundisha asubuhi, nikanywa jioni. Halafu nikaanza kunywa mchana. Mwisho nikawa nafundisha huku nimeisimamisha mikono mezani ili wanafunzi wasione inavyotetemeka.

Basi, sikilizeni habari ya usiku mmoja. Mwaka 2016 nalikwenda porini pamoja na rafiki wawili, tuna mbwa na tochi, na kichwani tuna pombe. Leseni hatukuwa nayo, na hilo lilikuwa kosa, silifichi. Mbwa wakamkamata digidigi. Ninyi wa bara mwamjua mnyama huyu, mdogo kama mwana-mbuzi, miguu myembamba, uzito wake hauzidi kilo saba. Tulipompasua tuliona kwamba ni jike, naye alikuwa na mimba iliyokaribia kuzaliwa. Gizani, si mbali, dume lake lilikuwa likipiga mluzi kwa pua, likipiga na kupiga, wala halikukimbia. Rafiki zangu walicheka. Mimi nami nalicheka.

Nyama ile haikufika nyumbani kwangu. Tuliipeleka kilabuni, tukabadilishana kwa pombe kabla ya jogoo kuwika. Niliporudi nikakuta sufuria mekoni. Watoto walikuwa wamekula ugali kwa maji ya chumvi. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa macho. Aliposikia hatua zangu uani alimwambia dada yake kwa sauti ndogo, "Leo ni za kuyumba, tulale." Maana yake, mtoto yule alikuwa amejifunza kuzisoma hatua za baba yake kama mwindaji asomavyo nyayo, apate kujua kama mnyama anayekuja ni mkali au ni mpole. Mabwana, maneno yale yaliniingia. Hata hivyo sikuacha pombe siku ile, bali zilipita siku nyingi nikiyasikia masikioni.

Nilipoazimu kuacha, nalifanya kosa ambalo nataka kuwaonya mlikwepe. Nalidhani ni kazi ya ushujaa tu, nikajifungia chumbani. Siku ya pili nalitetemeka mwili mzima, nikatoka jasho, nikaona vitu visivyokuwapo. Mke wangu alimwita jirani, wakanipeleka hospitali. Mganga aliniambia kwamba mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu, akiacha ghafula, aweza kupatwa na kifafa, na pengine kufa. Basi, mtu wa namna hiyo asiache peke yake. Aende kwanza zahanati au hospitali, aseme kweli ni kiasi gani hunywa. Nasi wa Dodoma tunayo Hospitali ya Mirembe, ambayo kazi yake ni kuwatibu wenye maradhi ya akili. Kwenda huko si aibu. Aibu ni kuwaachia watoto kaburi kwa sababu ya kuona haya.

Mwili ulipopona, adui aliyebaki alikuwa saa. Saa kumi na mbili ya jioni, jua linapozama nyuma ya vilima, miguu yangu ilikuwa ikielekea kilabuni yenyewe. Mikono nayo ilitaka kitu cha kushika. Mke wangu, aliyekuwa na akili kuliko mimi, akanitia mwiko mkononi, akasema, "Baba, leo nisaidie mboga." Jirani walicheka waliponiona mekoni. Nikawaacha wacheke, maana walipokuwa wakinibeba kutoka mtaroni hawakucheka.

Basi, nalianza na mlenda, ambao ndio mboga yetu. Majani ya mlenda huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa, na unga wake hukaa miezi mingi bila kuharibika. Wakati wa kupika, chemsha maji, tia magadi kidogo sana, nyanya ukiwa nazo, kisha nyunyiza unga wa mlenda huku ukikoroga upesi, usije ukashikana madonge. Mwisho tia karanga zilizotwangwa, uache moto mdogo. Ukiuacha mwiko hata kidogo, mlenda utafurika utoke nje ya chungu. Kazi hii humtaka mtu asimame hapo kwa macho na mikono yote, wala hawezi kuwaza kilabu. Nami nikaona kwamba mlenda ulipokuwa tayari, ile saa mbaya imekwisha pita.

Halafu nalijifunza nyama ya kukausha. Kwetu mvua hukoma mwezi wa Aprili au Mei, na miezi ifuatayo hewa ni kavu na upepo ni mwingi, nayo ni zawadi ya Mungu kwa mpishi. Nyama hukatwa vipande virefu vyembamba, hupakwa chumvi, hutundikwa kwenye kamba mahali penye upepo, mbali na vumbi na nzi. Siku ya kuipika hulowekwa kwanza, huchemshwa mpaka ilainike, hupondwa, kisha hutiwa karanga. Nyama ya swala na jamii yake haina mafuta mengi kama ya mbuzi. Kwa hiyo yataka moto mdogo na samli au karanga, la sivyo itakauka kama gome. Tena, msile mzoga mliouokota porini. Mnyama aliyejifia mwenyewe aweza kuwa na kimeta, ugonjwa unaoua watu na ng'ombe pia, hata kumgusa kwa mikono mitupu ni hatari.

Kuhusu kinywaji, badala ya pombe tulitumia ubuyu. Unga wa ubuyu hukorogwa katika maji, hutiwa sukari kidogo, nao hukata kiu vizuri. Togwa pia ni njema, lakini mtu aliyeacha pombe asiiweke ndani ikalala. Togwa ya leo ni rafiki, lakini ya kesho kutwa ni yule adui wa zamani aliyebadili kanzu.

Sasa nirudi kwenye kuwinda. Jumamosi ilikuwa siku ngumu kuliko zote, kwa sababu hapakuwa na darasa. Mjomba wangu, mzee aliyewinda ujanani mwake kwa upinde na kwa nyavu, alikuja akaniambia, "Mpwa wangu, twende porini." Nikamwambia, "Mjomba, hatuna leseni." Akajibu, "Macho hayana leseni. Twende tukawinde kwa macho." Tangu siku ile twaenda kila Jumamosi. Alinionyesha kwamba digidigi hukaa dume na jike wawili daima katika eneo lao, na hawaachani mpaka mmoja afe. Alinionyesha ncha za vijiti zilizopakwa utomvu mweusi, ambao hutoka karibu na jicho la mnyama, nao ndio alama ya mpaka wake. Na chungu za mavi ambazo huzirudia pale pale siku zote. Nalipoyajua hayo, nikalikumbuka dume lile lililopiga mluzi gizani. Sikuweza kuendelea kutembea. Nikaketi chini, nikalia kama mtoto. Mjomba alingoja tu, wala hakuuliza neno.

Msidhani nawakataza kuwinda. Kuwinda ni kazi ya kale, tena ni ya heshima ikifuata sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yamtaka mtu apate leseni kwanza, na leseni humwambia ni mnyama gani, ni mahali gani, na ni wakati gani. Na mwaka 2020 zilitoka kanuni zilizofungua njia ya mabucha yenye leseni kuuza nyama ya porini, hata mtu asiye na bunduki aweze kuila bila kuiba. Wazee wetu nao walikuwa na miiko yao. Mjomba asema kwamba mwindaji wa kweli hakugusa jike lenye mimba, na usiku wa kuamkia kuwinda hakunywa pombe, kwa sababu mkono uliolewa hutia jeraha bila kuua, na mnyama aliyejeruhiwa huenda kufa mbali bila faida kwa mtu yeyote.

Sitaki mdhani kwamba nalishinda mara moja. Mwezi wa nne nalikwenda arusini, nikanywa kata moja, kisha ya pili, na asubuhi nikajikuta sijui viatu vyangu viko wapi. Nalimwendea mjomba nikasema, "Nimepotea." Akaniuliza, "Mwindaji akipoteza nyayo hufanyaje?" Nikamjibu, "Hurudi mahali alipoziona mwisho." Akasema, "Basi, rudi." Hakuniambia nirudi mwanzo wa safari, bali nirudi pale nilipopotea. Neno hili limenisaidia kuliko hotuba nyingi.

Baadaye nalisoma kwamba jambo hili limepata kuonekana na watu wa mbali pia. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, mfanya biashara ya hisa aitwaye Bill Wilson alikutana na mganga aitwaye Bob Smith. Wote wawili walikuwa walevi walioshindwa na kila dawa. Wakagundua kwamba mlevi akimsaidia mlevi mwenzake, yeye mwenyewe hupata nguvu ya kutokunywa. Kutoka kwa watu wawili hao vikatokea vyama katika nchi nyingi za dunia. Sisi nasi Mtumba tuko watatu. Hukutana chini ya mbuyu Jumapili alasiri, kila mmoja husema kweli ya juma lake, kisha twala viazi vya kuchoma tukaenda zetu. Hatuna kitabu wala mwenyekiti.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu anayetaka kuacha na afanye mambo manne. Kwanza, aende kwa mganga. Pili, aitafute saa yake mbaya, aipe mikono yake kazi katika saa hiyo. Tatu, asiwe peke yake. Nne, akipoteza nyayo, arudi alipoziona mwisho. Na ninyi mlio na mtu wa namna hiyo nyumbani, msimcheke anapokoroga mlenda.

Yule mwanangu sasa ni kijana. Juzi tulikuwa naye porini, naye akaziona nyayo kabla yangu, akainama, akasema, "Baba, wamepita wawili, tena si muda mrefu." Tukasimama kimya, tukawaona digidigi wawili chini ya mgunga, dume na jike, wakitutazama. Hatukuwa na bunduki wala mbwa. Tuliporudi nyumbani ilikuwa giza, nami nalitangulia kuingia uani. Ndani nikamsikia binti yangu akimwambia mama yake, bila kunong'ona, "Ni baba, nazijua hatua zake. Mama, pakua."

Kwaherini.