PIMA MEZA KABLA YA KUNUNUA SKRUBU
(Mazungumzo na mafundi seremala)



Leo tuzungumze juu ya mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Siku hizi wapo mafundi wanaoiunda wenyewe. Kompyuta hutoa amri, mota huzunguka. Lakini mzunguko peke yake hausogezi kisu. Lazima kuwe na kitu cha kuugeuza uwe mwendo wa kwenda na kurudi. Mkikosea hapo, fedha za kikundi zimepotea. Haya, tutazame njia nne.

Kwanza ni skrubu ndefu ya kawaida, yaani chuma chenye nyuzi kama boliti. Bei yake ni nafuu. Lakini yenye unene wa milimita 8 husogeza nati milimita 1 na robo tu kwa kila mzunguko. Ubao wa mlango wa mita 2 utataka mizunguko 1,600! Mota ikizunguka mara 300 kwa dakika, kisu kitafika mwisho baada ya dakika 5 na zaidi. Tena chuma chembamba kikiwa kirefu hivyo hupinda na kuchezacheza. Na nati ikilegea, duara halitoki duara.

Pili ni skrubu ya gololi. Gololi hutembea ndani ya nati, kwa hiyo ni nyepesi na ulegevu wake ni mdogo. Yenye unene wa milimita 16 kwa kawaida husogea milimita 5 kwa mzunguko. Yafaa sana kwa meza ya mita 1. Lakini ni ghali, na vumbi la mbao ni adui yake. Ifunikeni.

Tatu ni mkanda wa meno. Gurudumu la meno 20, kila jino milimita 2, huvuta milimita 40 kwa mzunguko. Una mbio! Lakini mkanda mrefu hunyumbuka. Kwa mbao laini, sawa. Kwa mninga, mstari waweza kutoka na mawimbi.

Nne ni chuma kilichonyooka chenye meno, na gurudumu la meno linalotembea juu yake. Hiki hakichoki kwa urefu. Kwa milango, hiki ndicho. Ila wekeni gia ya kupunguza mwendo, maana bila gia kila hatua ya mota huwa kubwa mno.

Sasa sikilizeni sana. Upande wa kisu kupanda na kushuka una hatari. Umeme ukikatika, mota hulegea. Mkanda na skrubu ya gololi havijishiki, na mzigo waweza kushuka juu ya mkono wa mtu. Skrubu ya kawaida yenye nyuzi za karibu karibu hujishika yenyewe. Hapo, hiyo ya bei nafuu ndiyo bora.

Basi ndugu zangu, pimeni urefu wa kazi yenu. Hesabuni mizunguko. Ndipo mfungue mfuko.

Karibuni maswali.