Mtoto Huyu Si Babake: Hulka, Hali ya Nyumbani na Malezi

Popote ulipo, uwe Waa au Tiwi, Golini au Mkongani, uwe unakuna nazi, unashona makuti au umempakata mtoto, sogea karibu na redio. Na kama jirani yako yuko nje, mwite naye asikilize.

Leo hatutazungumza juu ya malaria wala chanjo. Tutazungumza juu ya neno moja ambalo sisi wauguzi tunalisikia mara nyingi mama wanapongoja zamu yao kliniki. Mtoto analia, anajirusha, anakataa kushikwa. Mama amechoka. Mwenzake aliyekaa kando anamtazama mtoto, kisha anasema: "Huyu ni babake mtupu." Na mama, ambaye huyo baba alimwacha siku nyingi, anaitikia: "Nami naona hivyo hivyo."

Mama mpenzi, neno hilo ni dogo, lakini lina uzito. Kuanzia siku hiyo, mtoto akilia, mama hasikii tena mtoto. Anamsikia yule mwanamume aliyemuudhi. Na kofi linalompata mtoto, mara nyingine halikuwa lake.

Kwa hivyo leo tuulize: tabia ya mtoto inatoka wapi? Na mama anayelea peke yake afanye nini?

Hulka ni nini?

Hulka ni namna mtu anavyozaliwa. Kila aliyezaa zaidi ya mara moja anajua. Mmoja alinyonya akalala. Mwingine alilia tangu magharibi mpaka alfajiri. Titi ni lile lile, nyumba ni ile ile, lakini watoto ni tofauti. Tuna methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya maneno. Nusu ya pili ni kwamba mtoto huja na chake.

Mwaka 1956, huko New York, Marekani, madaktari wawili, mke na mume, Stella Chess na Alexander Thomas, walianza kufuatilia watoto tangu uchanga wao. Wakati huo mtoto akiwa msumbufu, lawama zote alibebeshwa mama. Madaktari hawa waliona mambo si hivyo. Katika kila watoto 100, karibu 40 walikuwa rahisi: hula na kulala kwa saa zao na huzoea watu upesi. Karibu 10 walikuwa wagumu: hulia kwa nguvu, hawana saa maalum, na hawapendi mabadiliko. Karibu 15 walikuwa wazito wa kuzoea: hujificha nyuma ya leso ya mama mpaka wahakikishe kuna usalama. Waliobaki walikuwa mchanganyiko.

Lakini jambo kubwa walilosema ni hili. Hulka peke yake haimharibu mtoto. Kinachomsaidia au kumuumiza ni jinsi hulka yake inavyopatana na mahali anapolelewa na mtu anayemlea. Ni kama kiatu na mguu. Kiatu kikibana, hatusemi mguu ni mbaya.

Mfano kutoka hapa kwetu Kenya

Sasa sikiliza kisa hiki, maana kitakushangaza. Mwaka 1974 kulikuwa na ukame mkali katika nchi ya Wamaasai. Mtafiti mmoja, Marten deVries, alikuwa huko akiangalia hulka za watoto wachanga. Alichagua 10 waliokuwa wapole zaidi na 10 waliokuwa wagumu zaidi. Baada ya miezi kadhaa alirudi kuwatafuta. Kwa sababu ya ukame familia nyingi zilikuwa zimehama na mifugo, akawapata 13 tu.

Wale wapole aliowapata walikuwa 7. Kati yao, 5 walikuwa wamekufa. Wale wagumu walikuwa 6. Kati yao, alikuwa amekufa mmoja tu.

Kwa nini? Idadi hiyo ni ndogo, kwa hivyo tusiifanye sheria. Lakini maelezo yanayotolewa ni kwamba mtoto aliyelia sana alinyonyeshwa zaidi, na mtoto mkali alipendeza macho ya watu wake. Mtoto mpole alinyamaza, na katika taabu ile, aliyenyamaza alisahaulika.

Umeona, mama? Kilio kile kile ambacho katika chumba kimoja cha kupanga pale Kombani kinamletea mtoto kofi, kwingine kiliokoa maisha. Mtoto hakubadilika. Kilichobadilika ni hali.

Mama naye ana hulka yake

Tusisahau kwamba mlezi naye ni mtu. Kuna mama mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusahau. Kuna mama mkimya anayeweka moyoni. Kuna anayetaka kila kitu kiwe mahali pake. Mama wa namna hiyo akipata mtoto asiyekuwa na saa ya kula wala ya kulala, wote wawili watataabika, na hakuna aliyekosa.

Hata kati ya watu wazima ni hivyo hivyo. Mmoja akiudhika husema papo hapo, mwenziwe hunyamaza siku tatu. Yule msemaji huona amedharauliwa, na yule mkimya huona ameshambuliwa. Ongeza kodi ya nyumba, ongeza kazi ya hoteli Diani iliyosimama kwa sababu wageni hawakuja, na nyumba inavunjika.

Basi wako wengi katika Matuga wanaolea peke yao. Wako waliofiwa na waume, walioachwa, na ambao hawakuolewa. Wako wenye mume aliye mbali kikazi, na wako walioamua wenyewe kwamba amani ni bora kuliko ndoa ya vipigo. Na wako bibi zetu, ambao binti zao wako Uarabuni kutafuta riziki, nao wameanza upya kulea wajukuu.

Kukaa peke yako si ugonjwa. Kuna mwanamke ambaye utulivu wa nyumba yake ni dawa kwake. Kuna mwingine ambaye bila watu wa kuzungumza nao hunyauka. Jijue wewe ni yupi. Kama wewe ni wa watu, usijifungie ndani kwa kuogopa maneno ya mtaa. Chama cha akina mama au kikundi cha kuweka akiba kinaweza kukusaidia kuliko unavyodhani. Na kama wewe ni wa utulivu, usikubali kusukumwa katika ndoa nyingine kwa sababu tu watu wanasema.

Ufanye nini basi?

Kwanza, mwangalie mtoto wako kwa siku saba. Huhitaji kuandika chochote. Jiulize tu: analia saa ngapi? Akiona mgeni hufanya nini? Akikatazwa huchukua muda gani kutulia? Baada ya wiki utajua mengi ambayo hukuyajua. Na acha kumwita kwa jina la baya la mtu mwingine. Mtoto anayeambiwa kila siku "wewe ni kama babako," na anajua babake hapendwi, anaelewa kwamba naye hapendwi.

Pili, mtoto mgumu mpe ratiba na mpe taarifa. Tuseme unauza mahamri, unaamka saa kumi alfajiri, na unamwacha kwa dada yako. Usimwamshe kwa ghafla na kumkabidhi. Mwambie tangu usiku: "Kesho utakunywa uji kwa mama mdogo." Hata yule ambaye hajaanza kusema huizoea sauti na utaratibu. Na akijirusha chini, subiri atulie ndipo umwambie. Katikati ya kilio hakusikii.

Tatu, mtoto mpole mfuate. Usingoje alie ndipo ale. Mtoto akikuambia "sitaki" mara moja na kunyamaza, huenda ana njaa, homa, au jambo limempata. Mpeleke kliniki apimwe uzito hata kama hasumbui, na angalia mstari katika kitabu chake cha kliniki. Mstari ukilala au ukishuka, mwulize muuguzi.

Nne, mtoto mzito wa kuzoea msiharakishe. Akianza chekechea au chuo, kaa naye kidogo siku za mwanzo. Na hapa niseme na mama anayefikiria mume mwingine. Ni haki yako. Lakini mtoto huyu asimkute mgeni nyumbani kwa ghafla na kuambiwa "huyu ndiye baba." Mpe muda. Na mtoto akikwambia kwamba mtu fulani anamtisha au anamshika vibaya, hata kama mtu huyo ni kipenzi chako au ni wa ukoo, mwamini na umlinde kwanza.

Tano, jua kilio cha kawaida na kilio cha ugonjwa. Mtoto mchanga hulia zaidi akiwa na umri wa wiki sita hivi, kisha hupungua anapofika miezi mitatu au minne. Si pepo, na si kwamba maziwa yako ni mabaya. Lakini akiwa na homa, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akishtuka degedege au akipumua kwa shida, usingoje asubuhi. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Kwale.

Usimpe dawa ya mafua ili alale wewe ufanye kazi. Dawa hiyo inaweza kumdhuru. Na usimtikise mtoto kwa hasira hata siku moja, maana ubongo wake ni laini na huumia. Ukiona mikono inatetemeka kwa hasira, mlaze mtoto mahali salama, toka mlangoni, vuta pumzi, mwite jirani. Kutoka kwa dakika tano si kumtupa mtoto. Ni kumlinda.

Sita, jiangalie wewe mwenyewe. Kama kwa zaidi ya wiki mbili huna raha, hulali hata mtoto akilala, unalia bila sababu, au unaona heri usingekuwepo, huo si uvivu wala si kukosa imani. Ni ugonjwa, na unatibika. Mwambie muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Na ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu siku hiyo hiyo.

Usibebe mzigo peke yako

Kulea peke yako hakuna maana kwamba usisaidiwe. Wazee wa Kidigo walilijua hilo. Ukoo ulihesabiwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti na wajibu juu ya watoto wa dada yake. Kama una kaka mwema, mwite. Mtoto mkali akipata mjomba wa kwenda naye shambani au pwani kuvua, nguvu zake zinapata kazi.

Na baba je? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Kwa hivyo ukidai matunzo, huombi sadaka. Unaweza kuanza kwa wazee au kwa chifu, na wasipopatana, nenda kwa afisa wa watoto. Mtoto akiwa hatarini, piga simu nambari 116. Simu hiyo hailipishwi.

Jambo la mwisho. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Wengi wa waliokuwa katika shida walikua na matatizo. Lakini mmoja katika kila watatu alikua vizuri, akajitegemea. Mojawapo ya mambo waliyokuwa nayo hao ni mtu mzima angalau mmoja aliyewapenda na asiyewaacha. Wengine walimpata kwa mama, wengine kwa bibi au kwa shangazi.

Mama, mtu huyo waweza kuwa wewe. Huhitaji kuwa wawili.

Kumbuka basi: hulka mtoto hakuichagua, nawe hukuichagua. Hali ya nyumbani mara nyingi hukuichagua pia. Lakini namna ya kumpokea mtoto huyo, katika hali hiyo, iko mikononi mwako.

Leo usiku, kabla hajalala, mwangalie usoni. Atakuwa na pua ya mtu fulani, ndiyo. Lakini mwite kwa jina lake, kisha umwambie jambo moja jema alilofanya leo yeye mwenyewe.

Hadi wiki ijayo saa kama hii, ni mimi muuguzi wenu. Mlale salama.