Ziwa si fosi yetu



Leo siongei juu ya uchaguzi wala barabara. Naongea juu ya kitu ambacho watu wanaona haya kukitaja: mavi. Kila siku mji unakula, kila siku mji unaenda chooni. Kisha? Inaenda wapi?

Tujibu bila kuficha. Mtaani kwetu hakuna bomba hata moja la maji machafu. Mwenye uwezo anajenga fosi septike. Maskini anachimba shimo. Asiye na pahali anashuka pembeni ya ziwa usiku. Fosi ikijaa, watu wa vidanji wanakuja, wanachota, wanaenda kumwaga pahali ambapo hakuna atakayewauliza. Mvua ikinyesha, mitaro inapeleka yote ziwani. Asubuhi mama anashuka na bidoni zake, anachota kwenye ziwa lile lile.

Wengine wanasema: ziwa ni kubwa, litameza. Kweli ni kubwa, kina chake kinafika karibu mita 1,470. Lakini Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na mlango ule uko hapa kwetu. Maji mengi hayatoki kwa mto, yanapanda kwa jua. Uchafu haupandi na jua, unabaki. Tena hakuna anayechota katikati ya ziwa. Tunachota pembeni, pale pale mtaro unapomwaga.

Kipindupindu kiko upande huu wa Kongo tangu miaka ya 1970. Kila kikirudi tunafanya vilevile: klori kwenye bidoni, hema za wagonjwa, seromu, matangazo ya radio. Hayo yanaokoa watu, na wanaoyafanya tunawashukuru. Lakini klori ya leo haizuii mavi ya kesho. Na miaka hii ziwa lilipopanda, mashimo ya vyoo karibu na maji yalijaa, choo na ziwa vikawa kitu kimoja.

Kuna njia, na haingojei umeme. Uchafu wa fosi unamwagwa juu ya vitanda vya mchanga, mazito yanabaki na kukauka. Maji yanapita kwenye mabwawa, moja baada ya lingine. Ya kwanza ni ya kina kirefu, mazito yanashuka na vijidudu vinakula uchafu. La mwisho ni fupi, jua linaua vijidudu vya magonjwa. Inahitaji kiwanja mbali na nyumba na kisichofikiwa na mafuriko, udongo mzuri chini, na watu wa kusafisha kila mara. Bujumbura, kwenye ziwa hili hili, walijenga mabwawa ya namna hiyo kule Buterere. Burundi haituzidi utajiri.

Sheria pia iko. Kifungu cha 48 cha Katiba kinahakikisha haki ya maji safi. Kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, na ana wajibu wa kuyatetea. Sikieni vizuri: wajibu. Kutetea ziwa si fujo.

Basi tunaomba mambo matatu kwa jimbo na mji. Moja: pahali pamoja panapojulikana pa kumwaga vidanji, mbele ya mvua, na kumwaga ziwani kukatazwe. Mbili: kiwanja cha mabwawa kitengwe sasa, mbele hakijauzwa. Tatu: mstari wa vyoo na maji machafu uonekane kwenye bajeti, na bajeti ibandikwe pahali watu wanasoma.

Na sisi? Tuko wengi wenye diplome bila kazi, tunashinda kwenye simu. Simu ile inaweza kuhesabu. Avenyu kwa avenyu, tuandike: vyoo vingapi, mitaro gani inaingia ziwani, watu wanachota wapi. Karatasi hiyo tutaipeleka kwa meya kwa amani, na nakala tutaweka hapa. Wakisema hawakujua, tutawaonyesha tarehe.

Jumamosi, kila mtu aje na daftari na kalamu. Asiye na kalamu, aje na jirani yake.