Deni la Ng'ombe

Msikilizaji, mwanamke wa Tarime au Serengeti akisema anaondoka kwa mumewe, mara nyingi haulizwi kwanza ana nini mwilini wala watoto watabaki na nani. Anaulizwa habari za ng'ombe. Watarudi wangapi, na nani atawatoa? Zizini kwa baba yake hawapo tena. Kaka yake alikwisha kuwaolea. Yeye akiondoka, ndoa ya kaka inayumba, na ndiyo maana wanaomsindikiza arudi alikokimbia huwa watu wa damu yake.

Tarime mjini, Sirari, Mugumu, tunaishi pia na Waislamu, na huko hoja ni nyingine: mke hatoki ila kwa ruhusa ya mume. Ni kweli, madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yanaitaka ruhusa hiyo. Lakini fiqhi hiyo hiyo inamdai mume matunzo. Akishindwa kumlisha mkewe, mke anaruhusiwa kutoka kutafuta riziki. Anatoka pia kwenda kwa kadhi kudai haki yake. Na Mtume aliwakataza wanaume kuwazuia wake zao kwenda msikitini. Haya husemwa kwa nadra, nami naomba masheikh wetu wayaseme kwa sauti.

Kipo kisa cha mke wa Thabit bin Qays. Alimwendea Mtume, akaeleza kwamba hana lawama na dini ya mumewe wala tabia yake, ila hawezi kuendelea kuishi naye. Akaulizwa kama atairudisha bustani aliyopewa kuwa mahari. Akakubali. Thabit akaamriwa aipokee na amwache. Hiyo ndiyo khului, na iliwezekana kwa sababu bustani ilikuwa mali ya mwanamke mwenyewe. Hakuna kaka aliyekuwa ameitumia kuoa. Kurani, katika sura ya Wanawake, inaamuru mahari apewe mke.

Wazee wangu wa Kikurya, hapa sihubiri dini. Nauliza: binti yetu anadaiwaje mali ambayo hajapata kuishika? Ng'ombe walihesabiwa na wanaume, wakapokelewa na wanaume, wakagawanywa na wanaume. Kumfunga yeye kwa hesabu hiyo ni dhuluma, na hata iwe mila ya babu zetu siwezi kuiita jina jingine.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiko upande wa wanaomfunga. Kifungu cha 41 kinaitambua ndoa hata pale mila za mahari zisipotimizwa. Kifungu cha 66 kinakataza mume na mke kuadhibiana kwa kipigo. Kifungu cha 140 hakiruhusu shauri la kumlazimisha mke kuishi na mume. Mwenzi aliyetelekezwa anaweza kupeleka shauri lake baraza la usuluhishi. Na ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote nchini. Kwa hiyo anayemkamata mwanamke njiani na kumrudisha kwa nguvu hana sheria mkononi, hata awe kaka yake.

Wajumbe wa mabaraza ya kata na ya usuluhishi, msikilizeni mama huyo kwanza. Kama ng'ombe ni deni, waitwe waliowapokea, wajibu wenyewe, katika shauri la peke yake. Lisisubiriwe ndipo yeye aruhusiwe kwenda.